Zawadi Kumi na Moja za Kroshe: Shajara Kutoka Manyatta, Kisumu

Jumapili, 8 Septemba 2024

Nimeanza. Mezani kuna sindano tatu za kroshe: ya milimita 3.5, ya 2.5, na moja nyembamba ya chuma ya mama ambayo namba yake imefutika kwa miaka ya kushikwa. Kuna madonge mawili ya uzi wa krimu yaliyobaki nilipomaliza vitambaa vya viti vya sebuleni. Na kuna karatasi yenye orodha ya kina mama kumi na mmoja.

Baba alipofariki mwezi wa Mei, hawa kumi na mmoja wa chama cha mama walihamia kwetu. Walikuja na masufuria yao, na miko, na mmoja alikuja na jiko lake kichwani kwa sababu hakuliamini letu. Siku sita. Yupo aliyeshinda akichota maji tu. Yupo aliyejipa kazi ya kuhesabu viti vya kukodi kila jioni visije vikapotea. Yupo aliyelala kwenye mkeka kando ya mama usiku wote sita bila kuulizwa. Chama kinavunja mwaka na kugawana akiba tarehe 12 Desemba, sikukuu ya Jamhuri. Nataka siku hiyo kila mmoja aondoke na kitu cha mkono wangu: mkanda, au cha nywele, au cha masikioni. Nilitaka mama naye asijue, lakini nyumba ya vyumba viwili haina siri. Nimemwambia.

Bajeti ni shilingi 3,500. Kazini natoka saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo huu ni mradi wa usiku na Jumapili.

Nianze na onyo kwa atakayejaribu: usitangaze mtaani kwamba unafanya kroshe, maana kwa wengi kroshe ni msuko wa nywele. Wiki hii wasichana wawili wamenibishia hodi wakiuliza natoza ngapi kichwa kizima, na kama nywele waje nazo.

Jumapili, 15 Septemba

Kibuye, baada ya kanisa. Jumapili ndiyo siku ya soko lenyewe, na uzi unaupata kule kwenye mitumba na vifungo, si mbele kwenye mboga.

"Hii ni pamba tupu, kastoma wangu," muuzaji akaniambia, akilibonyeza donge la samawati kama anayepima parachichi.

"Mama, niazime kiberiti."

Alinicheka lakini akatoa. Nilikata uzi urefu wa kidole, nikaushika kwa kibano cha nyusi na kuuwasha ncha. Pamba ikiungua hutoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalopukutika ukilisugua. Ule wa samawati ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kidonge cheusi kigumu kama kichwa cha msumari. Akriliki, uzi wa plastiki. Sikumlaumu, yeye mwenyewe aliuziwa hivyo hivyo. Tulichoma nyuzi nne pale mezani, watu wakasimama kutazama, na ya nne, ile ya rangi ya kahawia, ndiyo iliyopukutika. Alihamisha donge hilo mbele na kulipandisha bei shilingi ishirini hapo hapo. Haki yake.

Nimenunua madonge kumi na mawili kwa 150 kila moja: kahawia, kijani cha majani makavu, nyeusi na nyekundu. Nimekagua namba ya mafungu kwenye karatasi ya kila donge. Rangi moja ikichovywa mara mbili kiwandani haitoki sawasawa, na dukani huoni tofauti. Utaiona jua likipiga katikati ya mkanda. Mama alipoona mzigo alianza kusimulia KICOMI, kiwanda cha pamba kilichokuwa hapa hapa Kisumu hadi kikafungwa miaka ya 1990. Hadithi hiyo naijua.

Jumatano, 18 Septemba

Jaribio la unga. Nilishona vipande viwili vya sentimita 40, kimoja cha akriliki na kimoja cha pamba, upana ule ule, nikavining'iniza kwenye msumari wa pazia kila kimoja na pakiti ya unga wa kilo 2. Asubuhi akriliki ilikuwa 46, pamba 42 na nusu. Nilipozitoa pakiti, pamba ilirudi karibu kabisa na akriliki ikabaki imelegea kama soksi ya mtoto wa shule.

Mkanda si kitambaa cha kiti. Kitambaa cha kiti kazi yake ni kulala. Mkanda unavutwa siku nzima, unalowa jasho, na katika joto la hapa unafuliwa kila wiki. Akriliki itaenda kwenye maua ya nywele.

Jumamosi, 28 Septemba

Aibu ya mwezi. Nilipata kwenye simu maelekezo ya mkanda ya Mmarekani fulani: mnyororo mrefu wa kiuno kizima, yaani vitanzi vya mwanzo vinavyofuatana, kisha safu nne za mshono uitwao dabo. Picha inaonyesha mkanda wa upana wa sentimita 5. Nilikesha siku mbili. Nikapima: sentimita 2.

Mama aliuinua kwa vidole viwili. "Umeshona kamba ya mbuzi."

Nilidhani nimekaza mkono. Nikafumua yote, nikashona tena kwa kulegeza, nikapata 2 na robo. Ndipo mama akaniomba nimsomee yale maelekezo polepole, hatua kwa hatua, na nilipofika mahali pa kuzungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuichomeka akanikatiza: "Hiyo si dabo, hiyo ni trebo."

Tulikuwa na lugha mbili. Mama alifundishwa kroshe na walimu waliosoma kwa Waingereza. Kwake dabo ni ule mshono mfupi: chomeka, vuta kitanzi, shika uzi, pitisha kwenye viwili. Mmarekani mshono huo huo huuita singo. Dabo ya Mmarekani ni trebo ya Mwingereza, mshono mrefu, karibu mara mbili na zaidi kwa kimo. Majina yote yamesogea ngazi moja, na hakuna anayekwambia. Njia rahisi ya kuwajua: maelekezo yakitaja singo, mwandishi ni Mmarekani, kwa sababu Mwingereza wa leo neno hilo halitumii. Yangu yalitaja singo kwenye ukurasa wa pili. Sikufika ukurasa wa pili.

Kuanzia hapa nikisema dabo, ni dabo ya mama.

Na ule mnyororo mrefu nimeuacha. Kwanza, ukiukaza kidogo tu mkanda mzima unapinda kama ndizi. (Dawa yake ni kuuanza kwa sindano kubwa zaidi, kisha kurudi kwenye ya kawaida.) Pili, unakulazimisha ujue kiuno cha mtu kabla hujaanza, na mimi siwezi kumpima mama wa watu kiuno bila kumweleza kwa nini.

Jumapili, 6 Oktoba

Mkanda wa kwanza umekwisha, na huu ni mkanda.

Nashona kwa upana: dabo 9, geuza, dabo 9, geuza, mpaka urefu utoshe. Kwa sindano ya 3.5 na uzi huu napata dabo 21 kwenye sentimita 10, kwa hiyo tisa zinanipa upana wa 4 na kitu. Kimo ni safu 24 kwa sentimita 10. Mkanda wa sentimita 115 ni safu 276, yaani dabo 2,484. Ukishaijua hesabu hiyo unaacha kuzungumza ukiwa unashona.

Sehemu ya kufungia ilinisumbua kuliko mkanda wenyewe. Matundu ya kroshe hayafai kwa ulimi wa bizimu, yanapanuka. Vifungo vinalazimisha ukubwa mmoja, na kina mama hawa hupungua na kuongezeka kwa misimu. Nimeamua pete mbili. Mwisho wa mkanda unapita ndani ya pete zote mbili, unarudi juu ya moja na kuingia ndani ya nyingine, na ukivuta unajibana wenyewe. Nilianza na pete za pazia za plastiki. Mama alivaa, akaketi, akacheka jambo fulani kwenye redio, na pete ikaruka hadi kwenye ndoo ya maji.

Dukani kwetu tunauza pete za pazia za chuma, za sentimita 5. Nilizijaribu zikiwa uchi: mkanda unateleza, baada ya hatua ishirini uko kwenye nyonga. Kumbe siri ni kuivisha pete yenyewe. Dabo 38 kuizunguka chuma, zikiwa zimebanana hata chuma hakionekani, na pamba inashika pamba. Mama alipika ugali amevaa, akafua, akainama kuokota kuni. Haukusogea.

Jumapili, 20 Oktoba

Mashujaa, sina kazi. Mikanda mitatu imeisha, miwili iko njiani. Leo nywele.

Nilikuwa nimepanga vitu vya nywele sita. Nikaketi na mama tukapitia orodha kichwa kwa kichwa, kihalisi. Wanne hukata nywele fupi kabisa na hawatoki bila kitambaa. Wawili wana dredi nzito. Mmoja nywele zimemtoka kwa dawa na haizungumzwi. Picha zote nilizokuwa nimehifadhi kwenye simu ni za wasichana wenye nywele za kuanguka mabegani, na ua moja dogo kando ya sikio. Mwenyekiti wa chama cha mama nitamwekea ua wapi, kwenye kilemba?

Kwa hiyo vya nywele vimebaki vitatu: raba mbili za wenye dredi, na utepe mpana wa kichwa wa mweka hazina, ambaye husuka nyuzi na hupenda kuonekana.

Raba ni kazi ya jioni moja. Unashona moja kwa moja juu ya raba ya nywele ya kawaida, dabo 60 kuizunguka, kisha safu mbili za trebo tatu tatu ndani ya kila tundu ili ijikunje kama kabichi. Ukiweka dabo 40 kuokoa uzi, raba ikivutwa uzi unabaki nyuma na kukatika. Nimeikata moja namna hiyo. Kwa dredi nimetumia raba nene mbili pamoja.

Utepe ulihitaji kufikiriwa. Pamba hunyonya mafuta na unyevu. Ukiufunga moja kwa moja juu ya nywele kavu kama zetu unazikausha ukingo wa uso, na ukingo ukiondoka haurudi haraka. Fundi wa cherehani anayekaa kibaraza cha mbele amenipa vipande vya satini vilivyobaki kwenye gauni la harusi. Nimevishonea ndani. Nje kroshe, ndani satini, na mweka hazina hatajua kwamba kichwa chake kimevaa harusi ya mtu.

Jumapili, 3 Novemba

Hereni na sisimizi.

Hereni za kroshe ukiziacha zilivyo hulala kama majani yaliyochemshwa, lazima zikazwe. Nilikumbuka kusoma kwamba vitambaa vya zamani vilikazwa kwa maji ya sukari. Nilichemsha sukari na maji kiasi sawa, nikachovya jozi nne, nikazitandaza kwenye katoni iliyofunikwa nailoni na kuzinyoosha kwa vijiti vya meno, maana pini zangu zina kutu na kutu haitoki kwenye uzi mweupe. Saa kumi jioni zilikuwa ngumu kama kaki. Nzuri ajabu. Nikaziacha juu ya kabati.

Usiku uliingia unyevu kutoka ziwani, zikaanza kunata. Asubuhi kulikuwa na mstari kutoka dirishani, kupita ukutani, kupita kwenye picha ya baba, hadi kwenye hereni. Jozi zote nne zilikuwa nyeusi na zikitembea.

Hebu fikiria mama wa watu ameketi ibadani, sisimizi wakipanda sikioni.

Jumamosi, 9 Novemba

Unga wa muhogo. Upo jikoni siku zote na sikuwahi kuufikiria. Kijiko kimoja kikubwa kwenye robo kikombe cha maji baridi, unakoroga hadi pasiwe na madonge, kisha unamimina kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku unakoroga. Unaanza mweupe, ghafla unageuka kama kioo kilichotokwa na jasho. Hapo ndipo umeiva. Ukitoa mapema hereni zinabaki na vumbi jeupe. Chovya, kamua kwa vidole, tandaza, weka juani. Kwa jua la Kisumu la saa sita zilikauka kabla sijamaliza kuosha vyombo.

Si ngumu kama za sukari, lakini hakuna mdudu aliyezitaka. Mvua ikizipiga zitalegea, kwa hiyo kila jozi itakuwa na kikaratasi: zikilegea, niletee.

Jozi mbili zina shanga. Shanga hutungwa kwenye uzi kabla hujashona mshono wa kwanza, na kwa mpangilio wa kinyume: uliyoitunga mwisho ndiyo inatoka kwanza. Tena dabo huisukumia shanga upande wa nyuma, kwa hiyo safu ya shanga unaishona ukiwa umegeuza kazi. Nilikosea yote mawili, nikafumua mara tatu. Mkufu wa mama wa chapati nimeufanya bila shanga kabisa, mnyororo tu uliosukwa mara tatu, mwekundu. Shingo yake fupi; shanga zingemzamisha.

Jumatano, 20 Novemba

Nimetumia 2,860. Zimebaki 640 na mikanda miwili.

Leo mteja dukani aliona mkanda kwenye mkoba wangu. "Nifanyie tano za hivyo. Mia mbili mia mbili." Nilimweleza kwamba mkanda mmoja unakula donge moja na nusu la uzi, ni shilingi 225 kabla sijagusa pete, na saa nne za mikono. Akasema China watafanya kwa hamsini. Hapo nilimjibu vibaya kidogo. Mashine inafuma sweta, inafuma soksi, lakini kroshe halisi viwandani hakuna mashine inayoishona. Hata hiyo ya China iliyo kwenye duka la jumla kuna mtu aliyekaa mahali akaishika sindano kama mimi. Akauliza bei ya misumari ya inchi tatu.

Mkanda mwekundu ulichuja ulipofuliwa. Wenzake wameponea, kwa kuwa niliuloweka peke yake kwenye beseni na kitambaa cheupe. Sasa naloweka kila rangi kabla ya kuichanganya na nyingine.

Jumapili, 1 Desemba

Mkanda wa mwisho ni wa yule aliyelala kwenye mkeka. Nilikuwa nimeuacha mwisho ili mkono uwe umezoea. Jana usiku niliporudi nilikuta safu kama tisini zimeongezwa.

Zinajulikana mara moja. Mama hukaza mkono kuliko mimi. Dabo zake tisa hutoka kama zangu nane. Mkanda unaingia ndani kidogo pale alipoanzia, kama kiuno cha nyigu. Sheria ya kazi inasema ufumue, mkono mmoja umalize. Nilimwangalia. Alikuwa anatafuta miwani yake ambayo ilikuwa kichwani.

"Nikuachie umalizie?" nikamuuliza.

"Hizo pete nitazivisha mimi. Wewe unaacha nafasi."

Sijafumua.

Alhamisi, 12 Desemba

Chama kimevunjwa kwetu, chini ya mwembe. Mweka hazina alisoma hesabu amevaa utepe wake na hakuugusa hata mara moja, kwa hiyo unamkaa. Wenye hereni walizivaa hapo hapo, wakitumia simu kama kioo. Yule wa mkeka alipopewa wake aliupitisha vidole, akafika pale unapoingia ndani, akasimama hapo. Akamtazama mama, si mimi. Kisha akaufunga juu ya dera na kwenda kutazama wali.

Mama wa omena, muuza dagaa, ndiye aliyesema. Hukaa Kibuye kuanzia saa kumi na moja asubuhi, na pesa zake huzifunga kwenye pindo la leso. Aliuzungusha mkanda wake wa kijani, akauvuta, akapiga pete kofi, akaridhika. Kisha akatafuta kitu ubavuni, kulia, halafu kushoto.

"Nyathina (mwanangu), ni mzuri sana. Sasa pesa naweka wapi?"

Wenzake wanne wenye mikanda wakajitazama viunoni.

Jumamosi, 14 Desemba

Mifuko mitano. Mama wa omena ameniachia simu yake ndogo ya kabambe niipime, na noti ya mia iliyokunjwa mara mbili, kama anavyokunja yeye. Mnyororo 16, dabo kuzunguka pande zote mbili bila kushona chini, safu 30 kwenda juu, kifuniko cha dabo 14 na kitanzi cha kifungo. Sindano ya 2.5, mshono wa kubana, maana sarafu ya shilingi moja hutafuta tundu. Nyuma vitanzi viwili virefu vya kupitisha mkanda.

Ameomba uwe mweusi. Samaki.

Uzi mweusi umebaki nusu donge. Kesho Kibuye, na kiberiti changu mwenyewe.